Dakika za Kazi, Mbeya hadi Ilula

1 Juni, Mbeya

Kipupwe kimeingia. Asubuhi vidole vilikataa kushika kalamu hadi nilipovizungusha kwenye kikombe cha chai. Naanza daftari hili kwa sababu ile ile ya miaka mitano iliyopita: mwishoni mwa Julai kundi letu litasafiri kwa baiskeli kutoka Mbeya hadi Ilula, siku tano barabarani, nami ndiye katibu. Katibu asiyeandika siku kwa siku huishia kuandika anachokikumbuka, na kumbukumbu ni shahidi mwenye upendeleo.

Mwaka huu tumebaki wanne. Obeid, mwenyekiti, alikuwa bwana shamba hadi alipostaafu. Jackline ni muuguzi, binti wa miaka thelathini na mbili anayepanda mlima huku akizungumza. Faustina anauza mbegu za mboga Uyole. Ana miaka hamsini na sita na ni mzaliwa wa Ilula. Wa nne ni mimi, Idrisa, mwalimu mstaafu wa hisabati, miaka sitini na minne. Amos ataendesha pikapu ya mizigo.

4 Juni

Ukungu hadi saa tano. Sikutoka.

8 Juni, Jumapili

Idi ilikuwa jana. Nyama nyingi na usingizi mchache. Leo mazoezi ya kwanza, hadi Inyala na kurudi. Kushuka hakuna la kuandikwa. Kupanda, nilisimama mara tatu kuandika hali ya barabara, mwinuko na mwelekeo wa upepo. Mara ya tatu niliketi, mgongo umeegemea nguzo ya daraja, kwa kuwa maelezo yalikuwa marefu.

Faustina alikuwa nyuma yangu. Nilipoketi, naye alisimama kama hatua mia moja chini yangu, akainamia mnyororo wa baiskeli yake. Nilipoondoka, akaondoka. Nimemshauri aubadilishe mnyororo huo.

“Nitaubadilisha, Mwalimu,” alisema. “Una tabia zake.”

15 Juni

Kikao nyumbani kwa Obeid. Nilipendekeza kanuni mpya, ikapita bila mjadala wa maana. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliachwa nyuma kiasi kwamba aliingia Mafinga giza limeshatanda, malori yakimpita kwa kipimo cha mkono. Hatuwezi kurudia hilo. Kuanzia sasa, msafiri atakayeachwa na aliye mbele yake kwa zaidi ya nusu saa, siku tatu mfululizo, atamalizia safari ndani ya pikapu.

Jackline aliuliza nani atakayepima.

“Kitabu cha Mwalimu kipo,” Obeid alijibu. “Kitabu kikisema, kimesema.”

Nieleze hapa namna ninavyopima, ili asije mtu akanidai maelezo baadaye. Kila msafiri huandikiwa saa ya kuondoka na saa ya kufika. Kwa upande wangu, hutoa muda niliosimama kuandika, kwa kuwa muda huo natumikia kundi, sisafiri. Nauita dakika za kazi. Bila hesabu hiyo, katibu angeonekana mzembe kwa kosa la kuwa katibu.

Desturi ya pampu inaendelea: anayefika wa mwisho hukabidhiwa pampu, na huibeba hadi mwingine afike wa mwisho. Tuna pampu moja tu nzuri, ya chuma, nzito. Jackline aliuliza kwa nini tusiiweke kwenye pikapu.

“Kwa sababu wa mwisho ndiye asiye na mtu nyuma wa kumsaidia,” Obeid alisema. “Nyie wa mbele mkipata pancha, kaeni mmsubiri. Mtajifunza heshima.”

22 Juni

Mazoezi. Upepo wa kusini. Magoti.

29 Juni

Nilipita Uyole kumpa Faustina ratiba. Nilimkuta akipimia mteja mbegu za nyanya kwa kifuniko cha soda, akisawazisha juu kwa kidole. Nilimwambia kifuniko si kipimo. Akasema mimea haijawahi kulalamika.

Kisha alizungumza jambo ambalo sikulitarajia. Mama yake, Mama Tekla, ana miaka themanini na minane. Kila Julai huketi kando ya barabara kuu pale Ilula, penye matenga ya nyanya, kumsubiri bintiye apite juu ya baiskeli. Kaka yake, Fred, hajawahi kuipenda habari hiyo. Mwaka huu amesema wazi kwamba dada yake ni bibi wa wajukuu watatu, na kwamba akishindwa hata mara moja, biashara ya baiskeli iishe, arudi Ilula akae na mama.

“Nilimwambia, ‘Fred, siku nitakayoletwa kwenye gari kama gunia la vitunguu, siku hiyo nitakutii.’ Mbele ya mama nilisema. Kwa hiyo, Mwalimu, unaona.”

Niliona. Nilimwambia basi ashughulikie mnyororo.

6 Julai

Mazoezi marefu. Faustina alifika wa mwisho tena. Kwa hesabu yangu, nyuma yangu kwa dakika thelathini na nane. Aliingia uwanjani dakika moja tu baada yangu, jambo ambalo lingemdanganya mtazamaji. Tofauti inatokana na mimi kusimama kikazi. Nisingesimama, angekuwa mbali sana nyuma.

13 Julai

Nimelala mchana, jambo nisilolipenda. Nimeota jedwali lisilo na mistari.

21 Julai, Chimala

Tuliondoka Mbeya saa kumi na mbili na nusu, pumzi zetu zikionekana. Mteremko wa Inyala tuliushuka breki zikilia, malori ya shaba yakitupita moja baada ya jingine. Baada ya Igurusi joto likapanda, tukavua makoti. Mashamba ya mpunga yamevunwa. Kumebaki mabua na ng’ombe.

Muda wa njiani, Obeid: saa sita na dakika ishirini. Mimi: saa saba na dakika kumi; ukitoa dakika za kazi arobaini na moja, saa sita na dakika ishirini na tisa. Faustina: saa saba na dakika kumi na mbili. Ameachwa nami kwa dakika arobaini na tatu. Amepewa pampu.

Aliifunga nyuma ya kiti chake kwa mpira, akiimba.

22 Julai, Makambako

Siku mbaya. Baada ya Igawa barabara inaanza kupanda, na upepo wa Makambako ulitupokea kifuani kabla hatujauona mji. Ni upepo usiopumzika. Unanyonga pedali dakika nzima na alama ya barabarani iko pale pale.

Nilisimama mara tisa. Mara mbili sikumbuki niliandika nini, na ukurasa hauna kitu. Bila shaka upepo.

Faustina hakunipita hata mara moja, ingawa mara ya tano nilikaa muda mrefu. Nilipogeuka, alikuwa chini kule, baiskeli imepinduliwa, magurudumu juu, akiuzungusha mnyororo kwa mkono kama mtu anayesaga mahindi. Nilimhurumia. Niliandika pembeni mwa ukurasa: F. amechoka, hataki kukiri. Ni aina ya watu wanaoona kukiri uchovu ni aibu.

Obeid: saa nane na dakika tano. Mimi: saa tisa na dakika tano, ukitoa hamsini na mbili, saa nane na dakika kumi na tatu. Faustina: saa tisa na dakika sita. Nyuma yangu kwa dakika hamsini na tatu. Pampu imebaki kwake.

Jackline alitupimia mapigo ya moyo wote, kwa mazoea ya kazi yake. Aliushika mkono wangu muda mrefu kuliko wa wengine.

“Mwalimu, umekunywa maji?”

“Lita mbili na robo.”

Alimtazama Faustina. Faustina alikuwa anamenya chungwa.

23 Julai, Mafinga

Naandika haya kabla ya chakula, jua bado lipo juu ya misonobari.

Baridi ya Mafinga inatoka ardhini. Nyololo tulikutana na malori ya mbao, na kila moja lilituachia vumbi la msumeno machoni. Sina nguvu ya kueleza njia. Obeid: saa sita na dakika hamsini na nane. Mimi: saa saba na dakika arobaini na nane, ukitoa arobaini na saba, saa saba na dakika moja. Faustina: saa saba na dakika hamsini. Nyuma yangu kwa dakika arobaini na tisa.

Siku tatu mfululizo.

Nilifanya hesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea. Sikuwa na furaha yoyote. Nataka hilo lieleweke. Nilijua pikapu maana yake nini kwake. Lakini kanuni inayotekelezwa kwa wageni na kusitishwa kwa marafiki ni upendeleo uliovaa jina la kanuni. Niliwaita wote kwenye ua wa nyumba ya wageni, nikasoma.

Obeid alivua kofia, akaivaa.

“Mwalimu,” alisema, “mbona mnafika pamoja kila siku?”

Nilimweleza dakika za kazi, kwa utaratibu, kama nilivyozieleza mwezi Juni. Jackline alifungua mdomo kusema. Faustina akamwekea mkono begani.

“Kitabu kimesema,” Faustina alisema. “Nitapanda kwa Amos.”

“Mama Fau, usikubali!” Jackline alisema. “Mwambie.”

“Nimwambie nini? Nyamaza, mwanangu, uko mbele kila siku, unaona migongo ya malori tu.” Kisha akanigeukia. “Ila nina ombi, Mwalimu. Pikapu isitangulie. Ikae nyuma.”

Nililikubali ombi hilo kwa kuwa halikupingana na kanuni. Aliifungua pampu kutoka kwenye baiskeli yake, akaiweka mezani mbele yangu, taratibu.

24 Julai, Iringa

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio kitu pekee nilichobakiwa nacho leo.

Tuliondoka Mafinga saa moja kamili. Kufikia saa mbili, Obeid na Jackline hawakuonekana tena mbele. Pikapu ilikuwa nyuma yangu, mwendo wa mguu, taa zikiwaka. Niliposimama, ilisimama. Nilipoondoka, iliondoka. Hadi Ifunda nilikuwa nimeshakasirika, nikarudi kumwambia Amos atangulie.

“Siwezi, Mwalimu,” alisema. “Nimeambiwa nikae hapa.”

“Na nani?”

Faustina alikuwa dirishani upande wa pili, miguu ameikunjia kitini, anakula karanga. “Na mwenye nyumba,” alisema, akijigusa kifua. “Endelea tu, sisi tunaangalia mandhari.”

Baiskeli yake ilikuwa imelazwa nyuma, juu ya mabegi. Nilimwuliza Amos, kwa kusema tu, kama ameutazama ule mnyororo.

“Nimeutazama jana. Mzima. Mpya kabisa, una mafuta.”

Niliendelea. Ni jambo la ajabu kwamba niliisikia sentensi hiyo, nikaibeba zaidi ya kilomita thelathini, hadi zaidi ya Tanangozi, bila kuifungua.

Ipogolo ni bondeni, na mji wa Iringa uko juu ya kilima. Kila mwaka siku ya nne humalizikia kwenye ule mpando, na malori huupanda kwa gia ya kwanza, yakinguruma pembeni ya sikio. Nilianza kuupanda saa tisa na dakika tano. Nilisimama saa tisa na dakika tisa. Nikatoa daftari. Nikaandika saa. Kisha nikaendelea kulitazama daftari nikitafuta cha kuandika, na hapakuwa na cha kuandika: barabara ilikuwa ile ile, upepo haukuwapo. Nilikuwa nimesimama kwa sababu sikuweza kuendelea.

Nikafungua kurasa za nyuma. Maelezo yangu ya siku tatu ni mistari thelathini na mmoja. Mstari mmoja naweza kuuandika kwa nusu dakika. Dakika za kazi zilikuwa mia moja na arobaini. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeiona hitilafu hiyo kabla ya kuketi.

Nikafanya hesabu upya, pale pale, kitabu juu ya usukani, bila kutoa chochote. Siku ya kwanza Obeid aliniacha kwa dakika hamsini. Ya pili, sitini. Ya tatu, hamsini. Faustina nilimwacha kwa dakika mbili, moja, mbili. Hakuna msafiri mchovu anayeachwa kwa dakika mbili, moja, mbili. Hizo ni dakika za mtu anayeamua mahali pa kuwa.

Mlango wa pikapu ulifunguliwa. Faustina alikuja akipangusa maganda ya karanga kwenye kanga.

“Kamwene, Mwalimu,” alinisalimu kwa lugha ya kwao, kama mtu aliyenikuta njiani kwa bahati.

“Tangu lini?” nilimwuliza.

“Tangu Inyala. Ile siku uliyokaa kwenye daraja. Ulikuwa na rangi ya majivu, na kalamu ulikuwa umeishika kichwa chini.”

“Ungesema.”

“Ningesema, ungejiandika mwenyewe kwenye gari kabla sijamaliza sentensi. Nakujua. Halafu ungebaki nyumbani na hayo majedwali yako, na ukuta.”

“Jana usiku… jana jioni, niliposoma. Mama yako. Fred. Ungesema jana.”

Lori lilipita.

“Jana nilikasirika,” alisema. “Sikudanganyi. Nilisema moyoni, acha apande peke yake, aone. Kisha nikaona ukiona peke yako hapa Ipogolo, utaona ukiwa chini ya tairi. Ndiyo maana nikaomba gari likae nyuma.” Alishika kiti cha baiskeli yangu. “Haya, sukuma. Mimi nashika huku. Usipande, hakuna anayetazama.”

Watu wengi walitazama. Tuliupanda mpando kwa miguu, yeye nyuma, mimi mbele, dakika thelathini na nne. Mara moja aliomba nipunguze mwendo, na nadhani aliomba kwa ajili yangu.

Obeid na Jackline walikuwa juu, wamekaa kwenye ukingo wa barabara. Niliwasomea jedwali sahihi nikiwa nimesimama. Nikasema kanuni haikumhusu Faustina hata siku moja, ilinihusu mimi, na kwamba kesho nitapanda pikapu.

“Tuliona tangu Chimala,” Obeid alisema. “Lakini kitabu ni chako, Mwalimu. Mtu unamwambiaje mwenye kitabu?”

“Kwa mdomo,” Jackline alisema, akiwa amekasirika bado. “Kama mimi nilivyotaka.”

Faustina alinikataza kupanda pikapu yoyote. Kama pampu ni ya wa mwisho, basi wa mwisho yupo, na ana baiskeli. Obeid alitangaza kanuni imefutwa na kundi lililoipitisha. Nilipinga. Nilipinga kwa hoja nne, zote nzuri. Kisha nikagundua kwamba nilikuwa napigania kupanda gari. Ndani ya pikapu ningefika nikiwa mtu aliyejiadhibu kwa haki, mwenye msimamo. Juu ya baiskeli ningefika wa mwisho tu.

Nikafunga daftari.

25 Julai, Ilula

Njia fupi, na mimi mzito wa kufika. Jua lilikuwa zuri. Nilisimama mara sita na sikutoa daftari hata mara moja. Pampu ilinigonga mgongo wa chini kila penye shimo. Pikapu ilikuwa nyuma.

Desturi yetu ni kwamba kwenye kilima cha mwisho kabla ya Ilula wote husimama, ili Faustina, mwenye nyumba, atangulie kuingia. Nilijua watakuwa wameshaingia. Nilipotokeza kilimani, wote watatu walikuwa pale, wamelala majanini, Jackline na kofia usoni.

“Mngeingia,” nilisema.

“Tungeingia bila pampu?” Faustina aliinuka, akapanda baiskeli. “Twende, mama anachomwa na jua.”

Aliingia Ilula wa kwanza, mgongo umenyooka, akipiga kengele kwa wauza nyanya, nao wakimjibu kwa vigelegele. Mama Tekla alikuwa kwenye kigoda nyuma ya matenga, shuka begani. Hakuinuka. Alinyoosha mkono, akaligusa gurudumu la mbele, kama anavyoguswa mtoto paji la uso kupimwa homa. Fred alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

“Umechelewa,” Fred alimwambia dada yake. “Mama yuko hapa tangu asubuhi. Nilijua umeletwa na gari.”

“Gari lile kule. Kaangalie kama limenibeba.”

Fred alitazama. Pikapu ilikuwa bado inateremka kilima, nyuma yetu sote. Alichukua tenga moja, akalisogeza ili baiskeli ipite.

Nilikuwa wa mwisho kuingia. Bibi alinikodolea macho mpaka nikashuka.

“Na huyu mnayemsubiri ni nani?”

“Ni Mwalimu, mama. Mwenye daftari.”

“Aah. Ndiye anayekuchelewesha?”

Faustina alinitazama, akaniachia swali.

“Ndiye mimi, mama,” nilisema. “Shikamoo.”

“Marahaba. Basi kaa, wali umeshapoa.”

Iringa hadi Ilula. Jackline na Obeid: saa tatu na dakika hamsini. Faustina: pamoja nao, na kusubiri. Mimi, hadi kilimani: saa nne na dakika hamsini na tano. Dakika za kazi: hakuna.

2 Agosti, Mbeya

Baridi imepungua kidogo. Magoti hayajapata habari.

Faustina alipita akitoka sokoni, akaomba pampu, tairi la nyuma limelegea. Nilimwambia pampu ni yangu hadi mwakani, desturi ni desturi, nikaenda uani kumjazia mwenyewe. Ilichukua muda. Alikaa ngazini akisubiri, hakuharakisha.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza kama bado nadhani mnyororo wake una kasoro.

Nikamwambia haukuwahi kuwa nayo.